Shubiri Moja ya Uzi Mweusi

Kibandani kwangu,
Jumatatu, tarehe 4

Kwako Kifungo,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua: uzima umekujaa mpaka umepata nafasi ya kuwapigia watu simu waje kunichungulia. Umempigia Fundi Viatu, usikatae. Jana alikuja kusimama mlangoni kwangu na kiatu cha mtu mkononi, eti anauliza kama nina nta. Nta! Miaka kumi na tisa tumepakana ukuta na hajawahi kuniomba hata sindano. Macho yote yako tumboni kwangu. Nikamwuliza, "Wewe Soli, unatafuta nta au unatafuta maiti?" Akaondoka mbio na kiatu chake.

Basi nakuambia mwenyewe, uwapumzishe majasusi wako.

Ni kweli nilipelekwa hospitali ya hapa. Maumivu yalinishika Jumatano, chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani kwa nyuma kama mtu ananikaza mkanda. Nikatapika. Nikatetemeka kwa baridi na jua liko utosini. Walinilaza siku mbili, wakanitia dawa kwenye mshipa, wakanipaka mafuta ya baridi tumboni na kunipitishia kile kidude chao cha picha. Daktari ni kijana, ndevu zake bado hazijaamua kama zinaota au zinatania. Akaniambia, "Bibi, una mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mfuko wenyewe umevimba, una usaha. Tukushushe homa kwanza, kisha tukupasue tuutoe."

Nikamwuliza, "Nani atanipasua?" Akasema daktari bingwa. Nikamwuliza, "Na nani atanishona?" Akacheka.

Akacheka, Kifungo! Mtu anayecheka akiulizwa habari ya mshono hanigusi. Nikavaa gauni langu, nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Nina sare mia na arobaini, na shule inafunguliwa Jumatatu ijayo. Mwalimu mkuu hawezi kuwaambia watoto waje uchi kwa sababu Fundi ana mawe. Vidonge walivyonipa nameza. Maumivu yapo, najua yanakaa wapi, nami nayakalia kama ninavyokalia stuli yangu.

Na usinipigie simu. Kwenye simu unanikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimeishia darasa la tatu, lakini herufi zangu zinasimama wima. Mimi nampa barua dereva wa basi la jioni, wewe mpe wa asubuhi.

Bibi yako,
Fundi


Hospitali, chumba cha upasuaji,
Jumanne, tarehe 5

Bibi, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido, kofia ya kazi kichwani. Wenzangu wameniuliza kwa nini nacheka na kwa nini nalia, nikawaambia nina Bibi mmoja anafanya kazi zote mbili.

Ndiyo, nilimpigia Fundi Viatu, na nitampigia tena. Kichwa kigumu nimekirithi, sijui kwa nani.

Nisikilize sasa, maana huwezi kuikatiza karatasi hata wewe. Huo mfuko wa nyongo ni mdogo, unaning'inia chini ya ini. Jiwe likiziba mdomo wake, nyongo inatuama ndani na kuoza. Usaha ukijaa, ukuta wa mfuko unakosa damu, unakufa, unatoboka. Unaweza kutobokea tumboni na uchafu ukamwagika. Au unajigandisha kwenye utumbo ulio jirani na kuutoboa, tundu kwa tundu, kama vitambaa viwili vilivyoungana kwa moto wa pasi. Haya ni nadra, Bibi. Wagonjwa wengi hayawafiki. Lakini wagonjwa wengi hawatoroki kwa mlango wa jikoni.

Njoo huku kwangu. Daktari wetu wa upasuaji namfahamu, mikasi anayoitumia nampa mimi kila siku. Nitakuwa humo humo ndani.

Halafu niambie ukweli. Hizi si habari za sare. Tangu nianze kazi katika chumba hiki, mwaka wa nne sasa, hujaniuliza hata siku moja nafanya nini. Nikitaja neno upasuaji unaniuliza kama nimekula. Unaogopa nini? Wewe uliyemfukuza mwizi kwa rula ya mbao?

Mjukuu wako,
Kifungo


Kibandani,
Alhamisi, tarehe 7

Kwako mpenda kutisha wazee,

Maumivu yameisha.

Soma tena. Yameisha. Yalikwisha jana saa tatu na nusu asubuhi, nikiwa natia kola. Nilisikia kitu chini ya mbavu kama kamba imekatika, jasho likanimwagika, halafu kimya. Kimya, Kifungo! Wiki nzima nimebanwa kama nguo kwenye koleo, mara nimeachiwa. Nikanywa uji bakuli zima. Nikamtumia Soli salamu kwamba maiti imeamka na inaomba nta.

Sasa nenda kamwambie daktari wako, na yule mwenye ndevu za mashaka. Waambie Fundi kajipasua mwenyewe bila kisu.

Na usijifanye umesahau wewe mwenyewe jina lako lilitoka wapi. Ulikuwa na miaka minne, ukameza kifungo cha koti la mteja. Mtaa mzima ukapiga kelele: hospitali, hospitali, mtoto atakufa! Mimi nikakulisha uji mzito siku tatu, nikakaa na wewe kwenye poti nikikuimbia, mpaka siku ya tatu nikasikia ting. Nikakiosha, kiko kwenye kopo la vifungo mpaka leo. Basi kama kweli nina jiwe, njia ya kutokea linaijua. Haikubadilika tangu enzi zako.

Tumbo limejaa kidogo. Gesi. Uji nilikunywa kwa pupa.

Sare zimebaki hamsini na mbili.

Bibi yako aliyepona,
Fundi

Tena: siogopi kitu. Niliulizwa swali la kijinga, nimelijibu.


Hospitali,
Ijumaa, tarehe 8

Bibi,

Sina salamu leo. Nimemwomba dereva aondoke kabla ya saa yake.

Nilipokuwa na miaka kumi ulinikalisha kwenye cherehani ile kubwa. Ilikuwa nzito, kanyagio likinishinda. Ghafla ikawa nyepesi, ikakimbia yenyewe, nami nikafurahi, nikashona mita mbili nzima nikidhani nimekuwa hodari. Ukaja, ukanichapa rula kwenye vidole. Ukasema, "Mashine nzito ikiwa nyepesi ghafla, usifurahi. Tazama uzi." Nikatazama. Uzi ulikuwa umekatika zamani, natoboa kitambaa bure.

Tazama uzi, Bibi. Ile kamba uliyoisikia ikikatika ni mfuko. Ulikuwa umejaa usaha ndiyo maana uliuma, na umeacha kuuma kwa sababu umetoboka na kujimwaga. Kama ungekuwa umejimwaga tumboni, sasa hivi usingeweza kuandika. Kwa kuwa umeandika na kunitukana, naomba Mungu uwe umetobokea kwenye utumbo. Lakini basi jiwe nalo limepita tundu hilo, na liko njiani.

Na njia ile siyo ya kifungo changu. Kifungo kilikuwa chembamba kama ukucha. Jiwe linaloweza kutoboa kuta mbili ni kubwa, na utumbo unakwenda ukipungua upana, mpaka mwisho wake ni kama mkono wa gauni la mtoto mchanga. Hapo linakwama.

Nijibu haya, moja moja, kama unavyojibu mteja: Umepata choo tangu Jumatano? Upepo unatoka? Unatapika, na rangi gani? Ukiligonga tumbo kwa kidole, linalia?

Kisha panda basi. Usimalize kola, usimalize pindo. Panda.

Kifungo


Kibanda cha viatu,
Jumamosi, tarehe 9

Kwako binti wa jirani,

Mimi si mtu wa barua, naandika risiti za soli tu, utanisamehe.

Bibi yako kanipa karatasi nimpe dereva. Hakuifunga, nikaisoma, nikamwomba Mungu msamaha, naitia humu. Imeandikwa hivi: "Sijambo. Sare zimebaki thelathini. Fundi." Basi. Sasa mimi nakuandikia aliyoyaacha.

Anatapika tangu jana. Mwanzo ilikuwa kijani, leo asubuhi ni kahawia na harufu yake, samahani, ni ya chooni. Ndoo anaificha chini ya meza ya kukatia, lakini ukuta wetu ni wa mbao, nasikia kila kitu. Choo hajakwenda. Tumbo limekuwa kama mpira. Bado anakanyaga mashine. Inalia kidogo, inanyamaza, inalia tena. Hapo inaponyamaza ndipo moyo wangu nao unanyamaza.

Leo nimeingia nikamwambia, "Mama Fundi, twende." Akanirushia mkasi. Hakulenga, namjua akilenga. Halafu akakaa chini kwenye vipande vya kitambaa, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akasema: "Hawatanishona kama gunia, kama walivyomshona mwanangu."

Mimi nilipohamia hapa niliambiwa mama yako alifariki kwa homa. Wewe unajua habari hiyo?

Nimeongea na fundi makochi, ana kigari cha mizigo. Kesho alfajiri tunakuja naye huko kwako, kwa hiari yake au tukiwa tumemfunga kwenye stuli yake. Akinichukia, atanichukia akiwa hai.

Jirani,
Fundi Viatu


Chumba cha upasuaji,
Jumapili, tarehe 10, saa nne asubuhi

Bibi,

Uko wodini, hatua sitini kutoka hapa nilipo, na siwezi kuja. Wameletwa watu wawili waliogongwa na lori. Daktari yuko juu ya wa kwanza, na zamu ni yangu. Karatasi hii anakuletea mama wa usafi. Mpe jibu yeye yeye.

Sista wa wodi ananiambia umekataa kutia sahihi, umemwita daktari "Mkasi", na umempa Fundi Viatu likizo ya kutokuonekana machoni pako.

Picha yako nimeiona. Kuna hewa kwenye mirija ya nyongo, mahali ambapo hewa haina haki ya kuwapo. Imeingia kwa lile tundu. Na chini kulia kuna kivuli cha jiwe lenye ukubwa wa yai la njiwa, limekaa mwishoni mwa utumbo mdogo kama kizibo. Daktari anasema katika miaka yake yote amekutana na jambo hili mara mbili. Wewe ni wa tatu. Anachotaka leo ni kimoja: aufungue utumbo pale lilipokwama, alitoe, aushone. Mfuko wa nyongo atauacha kwanza, mwili wako umechoka. Asipofanya hivyo utumbo utapasuka. Hasemi wiki ijayo. Anasema leo.

Fundi Viatu ameniandikia ulichomwambia umekaa chini.

Mama yangu alishonwaje, Bibi?

Kifungo


Kitanda cha nane,
saa tano kasoro

Kifungo,

Wameniingiza bomba puani mpaka tumboni, limenikwaruza koo, kusema siwezi. Mkono hawakuuwekea bomba. Kwa hiyo soma.

Ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa na mimba, mtoto kakaa vibaya, wakampasua. Si hapa, ni mbali, nawe hutakujua. Mtoto hakupona. Mama yako akatoka akicheka, anasema, "Mama, nimebaki mwenyewe lakini nimebaki." Siku ya nne akakohoa, na mshono ukafumuka. Uchafu ukaingia, homa ikapanda. Siku ya saba nikamwosha mimi, kwa mikono hii.

Nikauona mshono. Kati ya hatua moja ya uzi na nyingine, vidole viwili. Umepinda kama njia ya mlevi. Mahali pengine umekazwa hadi nyama imekatika, pengine umelegea naweza kupitisha kidole gumba. Fundo la mwisho limefungwa moja tu, Kifungo. Moja! Gunia la mkaa linafungwa mafundo mawili. Nimeshona miaka hamsini, nguo za watu ambao hata sikuwapenda, na sijawahi kumrudishia mtu kitu kama kile. Na mwanangu ndiye aliyerudishiwa.

Nilikuambia alikufa kwa homa. Sikudanganya. Nilikata kitambaa pale nilipotaka kukata.

Halafu ukakua, ukaja na barua yako unarukaruka: Bibi, nimepangiwa chumba cha upasuaji! Ulitaka nikuulize nini? Kama nao wanafunga fundo moja?

Kwa hiyo hapana, siogopi kufa. Nimeshapima vipimo vya watu wengi waliokufa, hakuna aliyerudi kulalamika. Ninachokataa ni kushonwa ovyo na mtu anayecheka.

Sasa sikia masharti. Kibandani kwangu hakuna anayegusa kitambaa cha mteja kabla hajanipa jaribio. Mama yako alilitoa. Wewe ulilitoa, ukalifumua mara kumi na moja. Hata mwalimu wa ufundi, aliyekuja na cheti chake cha fremu, nilimpa kitambaa akatoka jasho. Huyo Mkasi wako ni nani asitoe jaribio? Kitambaa cheupe, uzi mweusi, makosa yote yaonekane. Mshono wa mkono, shubiri moja. Nikiukubali natia sahihi. Nikiukataa, mnirudishe kwenye kigari cha makochi, nina sare thelathini.

Tumbo linauma sana. Sijaandika hilo ili unionee huruma, nimeandika kwa kuwa uliniambia nijibu moja moja.

Fundi


Chumba cha upasuaji,
saa sita kasoro robo

Bibi,

Maneno yako yamefika kwa daktari. Kitambaa hiki hapa, tumekata kwenye shuka safi. Ameshona kwa mkono wake, kwa uzi wetu mweusi na sindano yetu iliyopinda, kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Shubiri moja.

Habari za Mama nitakuja kuzililia baadaye, nikipata mahali. Sasa hivi nina mtu mmoja tu wa kumpigania, na yuko kitanda cha nane.

Tia sahihi. Nakuomba.

Kifungo


Kitanda cha nane,
saa sita na dakika tano

Kwako na kwa Mkasi,

Kitambaa nimekikagua mbele na nyuma. Nimekivuta upande, nimekivuta urefu. Nimehesabu hatua ishirini na sita kwenye shubiri, na zote zinalingana ila ya nane, imelegea, huyo mtu alikuwa na haraka au mawazo yalikuwa kwingine. Fundo la mwisho nimelitazama kuliko vyote. Nimelitazama muda mrefu.

Nimetia sahihi. Sista alikuwa ameshafungua kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Nikamwambia afunge. Nimeandika jina langu lote, herufi zimesimama.

Na chini ya sahihi nimeandika sharti, wasije wakasema hawakuliona: ALIYESHONA KITAMBAA HIKI NDIYE ATAKAYEFUNGA NGOZI YANGU. Si mwingine. Nikiamka nitautazama mshono na nitajua. Nisipoamka, nitajua mapema zaidi.

Haya, njooni na kitanda chenu cha magurudumu. Kinalia upande wa kushoto, kitieni mafuta.

Fundi


Hospitali,
Alhamisi, tarehe 21

Shikamoo Bibi,

Fundi Viatu amenipigia kusema mmefika salama na kwamba njia nzima ulikuwa unamfundisha fundi makochi kuendesha. Basi nimejua umepona.

Siku tisa nilikuja kitandani kwako, kukuosha uso, kukunywesha maji kwa kijiko, na kila siku nilikuja na neno mdomoni nikaondoka nalo. Ulinitazama tu. Ana kwa ana nimeshindwa. Naandika.

Kitambaa kile hakushona daktari.

Mikono yake ilikuwa ndani ya kifua cha mtu. Maneno yako sikumfikishia, ningeyafikisha vipi? Nilipata dakika nane. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kwenye chumba cha vifaa, nikashona mimi. Hatua ya nane ndipo mawazo yangu yalipofika kwa Mama, ndiyo maana imelegea. Halafu nikakuandikia uongo, wewe, ukiwa unakaribia kufa, saa moja haijaisha tangu unipe ukweli uliouficha miaka ishirini.

Fomu ilipofika na lile sharti lako, niliisoma mara mbili. Nikamwambia daktari kila kitu, na wewe umeshalala kwa dawa juu ya meza. Akanitazama juu ya barakoa. Akauliza, "Kitambaa kiko wapi?" Nikampa. Akakigeuza, akakivuta kama wewe. Akasema, "Sahihi ni sahihi. Tunafuata fomu."

Jiwe alilitoa yeye. Lilikuwa limekwama hapo hapo picha iliposema. Utumbo aliufunga yeye, na nyama akaifunga yeye, tabaka kwa tabaka. Alipofika kwenye ngozi akanipa kishika sindano, akasogea pembeni, akasimama ananihesabia kwa sauti. Mishono kumi na tisa. Mafundo sikuhesabiwa, niliyajua.

Sasa umejua. Nichape rula ukitaka, kwa barua au ana kwa ana.

Mjukuu wako,
Kifungo


Kibandani,
Jumatatu, tarehe 25

Kwako Kifungo,

Marahaba. Rula ipo, na vidole vyako uvilete mwenyewe.

Unadhani unaniambia habari? Nilijua kabla sijafika hatua ya tano. Na fundo lilipofika, basi tena. Kurudi nyuma mara mbili, kupita chini ya hatua ya tatu, kuvuta, na kukata bila kuacha mkia. Nani duniani anafunga hivyo? Mkasi? Mkasi angelijulia wapi? Fundo hilo ni langu. Nilimfundisha mama yako akiwa na miaka tisa, likamwingia siku moja. Wewe ulihitaji mwezi na makofi.

Nimelala pale na bomba puani, tumbo linataka kupasuka, na mkononi nina fundo la mwanangu. Nikaelewa mambo mawili. La kwanza, unadanganya vibaya mno, usijaribu tena. La pili, ndani ya kile chumba nilichokichukia miaka yote kuna mkono unaojua kufunga. Siku ile ya mama yako haukuwamo. Ungekuwamo hata mmoja, Kifungo, hata wa mtu wa kufagia!

Basi ndipo nikatia sahihi. Na sharti nililiandika kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Nilijua utamwambia, maana uoga wako huwa unakuelekeza kwenye ukweli, ukichelewa kidogo. Nilitaka wasimame wote, na vyeti vyao, wakutazame ukimfunga bibi yako kama inavyotakiwa.

Siku zile tisa sikunyamaza kwa hasira. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, nione utachukua muda gani. Ulichelewa.

Mshono nimeutazama kwa kioo cha wateja, nimefunga mlango kwanza, maana Soli siku hizi anaingia bila hodi, anadhani amekuwa ndugu. Mishono kumi na tisa, kweli. Umenyooka. Wa kumi na moja umeukaza mno, ngozi imekunjika. Mingine siwezi kuisemea vibaya, na nimejaribu.

Sare thelathini nilikuta zimekwenda shule. Soli alizimalizia vifungo, kwa uzi wa kushonea buti. Watoto thelathini wa mji huu watamaliza masomo, wataoa na kuolewa, na vifungo vile havijatoka. Nimemtukana vya kutosha, kisha nimempa nta. Bonge zima.

Jiwe mlilonikabidhi nimelitia kwenye kopo, pamoja na kifungo chako. Nikilitikisa linalia tofauti na vingine vyote. Wateja wananiuliza ni kifungo cha koti gani, nawaambia cha koti langu.

Sasa la mwisho. Mkasi ameandika kwenye karatasi yangu ya ruhusa kwamba nirudi baada ya miezi mitatu, waone kama tundu limejifunga, na autoe ule mfuko kama bado unaleta fitina. Mwambie nitakuja. Nitapanda basi mwenyewe, kwa mlango wa mbele. Lakini safari hii hakwepi. Humu ndani nimetia kitambaa cheupe na uzi mweusi, nimekata mimi, nimepiga pindo kisichanike. Ashone yeye, kwa mkono wake, wewe ukiwa umesimama pembeni unamhesabia kwa sauti.

Lile fundo usimwonyeshe. Akilitaka, aje kibandani aombe kazi kama wenzake.

Bibi yako,
Fundi